Darubini ya Bunduki Shambani: Hesabu ya Ekari Tatu

Ndugu wakulima, hasa ninyi mnaolima kando ya mapori ya Mbarali na Chunya, ninyi wa Pawaga na Idodi, na ninyi wa pembezoni mwa misitu ya Mufindi na Kilolo, leo tunazungumza juu ya darubini ya bunduki. Mahindi yakishatoa ndevu, mwenye shamba halali. Mchana anakuja nyani na ngedere, usiku anakuja nguruwe. Kazi ya miezi mitano inaweza kuliwa kwa siku tatu, na hilo mnalijua kuliko mimi.

Sasa siku hizi mwenye bunduki yenye leseni, au skauti wa kijiji, utamkuta amefunga darubini juu ya mtutu. Si kitu cha ajabu: bomba fupi lenye vioo na msalaba ndani, linalokuza mara nne, au lile la kuzungusha linalokuza kutoka mara tatu hadi mara tisa. Akitazama ndani anamwona nyani wa ng'ambo ya bonde kama amekaa uani kwake. Basi anafyatua. Nyani anaruka, anakimbia, na mwenye bunduki anailaumu darubini. Au vibaya zaidi, mnyama anaondoka na jeraha, anaingia kwenye matete, na kesho yake mtoto anayetafuta kuni ndiye anayekutana naye.

Darubini haikukosea. Darubini inasogeza jicho, haisogezi risasi. Risasi inakwenda njia yake ile ile iliyokuwa ikienda kabla hujafunga kioo, nayo tangu inapotoka mtutuni inaanza kuvutwa chini na ardhi, kama jiwe unalorusha kwa mkono. Mwenye kulijua hilo darubini rahisi itamtosha. Asiyelijua, hata ukimpa ya bei ya trekta atakosa.

Kabla hatujaingia ndani, neno la sheria, na nitalipitia upesi. Wanyamapori ni mali ya Taifa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kuwinda bila kibali, na bunduki yenyewe iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kwa hiyo mnyama akiharibu shamba, wa kwanza kuambiwa ni serikali ya kijiji na Ofisa Wanyamapori wa Wilaya, yule ambaye wazee wetu walimwita Bwana Nyama. Yeye ndiye atakayesema nani apige, nini kipigwe na wapi. Ninyi wa Usangu muwe waangalifu zaidi: Pori la Akiba la Usangu lililotangazwa mwaka 1998 liliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008, na mipaka ya upande huo imekuja kuguswa tena baadaye. Usitegemee kumbukumbu ya babu juu ya mpaka ulipo. Uliza. Tembo, yeye hayumo kabisa katika mazungumzo haya. Akitokea, toa taarifa na kaa mbali.

Haya, tuje kwenye kazi.

Darubini hufungwa kwa pete mbili na skrubu. Skrubu zikilegea hata kidogo, yote nitakayosema baadaye ni bure. Ukitoka Mafinga na bunduki juu ya pikipiki mpaka Pawaga, ile barabara imeshazichezea. Zikaze, lakini usizikaze kwa hasira mpaka bomba likabonyea. Halafu angalia jicho lako linakaa wapi. Liwe nyuma ya kioo kwa upana wa vidole vinne hivi. Ukilisogeza karibu zaidi, bunduki ikirudi nyuma itakupasua nyusi. Na picha unayoiona ndani iwe duara kamili, bila kivuli cheusi pembeni. Kivuli kikiwa upande mmoja, jicho halipo katikati, na risasi haitakwenda palipo na msalaba. Kwa darubini za kawaida jambo hili huongezeka kadiri shabaha inavyokuwa mbali. Unaweza kulihakikisha mwenyewe: weka bunduki tupu juu ya gunia, lenga mti wa mbali, halafu sogeza kichwa kidogo kushoto na kulia bila kuigusa bunduki. Utauona msalaba unatembea juu ya mti. Bunduki haikutembea, ni jicho lako.

Baada ya hapo ndipo unailinganisha darubini na mtutu. Tafuta mahali penye ukingo wa udongo mrefu, kwa ruhusa ya polisi na kijiji kikijua. Anza karibu, mita 25. Tegemeza bunduki kwenye kiroba cha pumba za mpunga. Kiroba hicho ni bora kuliko jiwe au gogo, maana bunduki ikikaa juu ya kitu kigumu huruka na kupeleka risasi juu. Mkono uwe kati ya bunduki na kitu kigumu, na mtutu wenyewe usiguse chochote. Piga tatu, usipige moja. Risasi moja haikuambii kitu, huenda ni mkono wako uliotetemeka. Tazama katikati ya matundu matatu, ndipo urekebishe.

Juu ya darubini na ubavuni kuna vifuniko viwili, na chini yake skrubu za kurekebishia. Cha juu kinapandisha na kushusha, cha ubavuni kinapeleka kulia na kushoto. Mshale wenye herufi U maana yake risasi itapanda, wenye R itakwenda kulia. Ukizungusha utasikia ta, ta, ta. Katika darubini nyingi kila mlio mmoja unaisogeza risasi milimita 7 hivi kwenye shabaha ya mita 100. Milio minne ni karibu sentimita 3. Sasa angalieni hapa, ndugu zangu, maana wengi huteleza: kwenye mita 25 mlio ule ule husogeza robo tu ya hapo. Kwa hiyo ukiwa karibu utazungusha mara nne zaidi kwa kosa lile lile. Mtu akisahau hilo anaona darubini haitii, anaipeleka kwa fundi wa redio, na fundi wa redio anaimaliza kabisa.

Ikishapiga katikati kwenye mita 25, nenda mita 100. Hapo risasi inatakiwa ipige juu ya msalaba. Naam, juu, wala usiirudishe chini. Nitatumia mfano wa bunduki ya .30-06 yenye risasi ya uzito wa greni 180, maana ni ya kawaida. Ikipiga sentimita 6 hivi juu kwenye mita 100, itakuja kukutana na msalaba kwenye mita 200. Katikati ya safari hiyo yote haitatoka kwenye mstari wa jicho kwa zaidi ya sentimita 7. Kifua cha nguruwe mkubwa, pale penye moyo na mapafu, ni upana wa sahani ya wali, kama sentimita 20. Maana yake ni kwamba kutoka ulipokaa mpaka mita 200 huna hesabu ya kufanya. Unaweka msalaba katikati ya sahani, basi.

Lakini nani shambani anapima kwa mita? Sisi tunapima kwa hatua, na ekari tunaijua: hatua 70 kwa hatua 70. Upande mmoja wa ekari ni mita 64 hivi. Kwa hiyo ekari tatu zikipangwa mstari mmoja ni mita 192. Hiyo ndiyo mita 200 yetu. Sasa tuifuate ile risasi baada ya hapo. Kwenye ekari ya nne imeshashuka karibu sentimita 12 chini ya msalaba. Kwenye ekari ya tano imeshashuka karibu sentimita 35. Kwenye ya sita imezidi sentimita 60.

Hebu tusimame hapa kidogo. Ukikosea makadirio kati ya ekari ya pili na ya tatu, ukadhani ni mbili kumbe ni tatu, hakuna kitu, risasi bado imo ndani ya sahani. Ukikosea kati ya ekari ya nne na ya tano, kosa lile lile la ekari moja linakugharimu zaidi ya sentimita 20, yaani sahani nzima. Risasi inaingia tumboni au inavunja mguu. Na jicho la mtu, likitazama kuvuka bonde, hukosea kwa ekari moja kila siku. Bonde likiwa tupu mnyama huonekana karibu kuliko alivyo. Jioni kwenye kivuli huonekana mbali. Darubini nayo inazidisha udanganyifu, maana kazi yake hasa ni kukuonyesha kitu karibu.

Hizi namba ni za bunduki niliyoitaja. Yako itakuwa na zake, na utazijua kwa kupiga kwenye karatasi, si kwa kusoma boksi la risasi. Zile bunduki za risasi nene na nzito kama .458, ambazo askari wa wanyamapori wamezibeba miaka mingi, zilitengenezwa kwa nyati na tembo wa karibu. Risasi yake hushuka upesi sana, na kuifungia darubini haiifanyi kuwa ya mbali.

Kwa hiyo makadirio ya jicho tuyaache. Kabla ya msimu, chagua mahali utakapokaa, halafu hesabu hatua 70 na uchomeke kigingi kilichopakwa chokaa. Hatua 70 nyingine, kigingi kingine. Kigingi cha tatu kipake chokaa mpaka chini, kionekane. Fanya hivyo kwa kila upande ambao wanyama wanatokea. Ni kazi ya asubuhi moja. Mnyama akiwa upande wa huku wa kigingi cha tatu, yupo kwenye mkono wako. Akiwa ng'ambo ya kigingi, msubiri aje, maana mahindi yako huku.

Iko njia nyingine kwa mahali pasipo vigingi. Darubini nyingi za bei nafuu zina msalaba ambao nyuzi zake ni nene pembeni na nyembamba katikati. Kata ubao wa urefu wa sentimita 70, ambacho ni kama kimo cha begani cha nguruwe pori mkubwa, uusimamishe kwenye kigingi cha tatu. Tazama ubao unajaza sehemu gani ya nafasi kutoka katikati ya msalaba mpaka pale uzi mnene unapoanzia. Labda nusu, labda robo tatu. Kila darubini ina yake. Ikariri. Siku nguruwe mkubwa akionekana mfupi kuliko hapo, yuko nje ya ekari tatu. Kama darubini yako ni ya kuzungusha, fanya kipimo hiki na baadaye upige kwa ukuzaji ule ule, kwa sababu katika nyingi ya hizo nafasi ya nyuzi hubadilika unapozungusha. Na mnyama mdogo huonekana kama mkubwa aliye mbali, hilo nalo likumbuke.

Juu ya ukuzaji, mimi napendelea mara nne, nami nitabishana na yeyote. Vijana wanaukimbilia mara tisa. Lakini mara tisa inakuza na mtetemeko wa mikono yako, inapunguza eneo unaloliona, na saa sita mchana kwenye tambarare ya Usangu inakuza yale mazigazi yanayopanda kutoka ardhini, mpaka mnyama anacheza kama yuko ndani ya maji. Asubuhi na jioni, wakati nyani anashuka, hewa imetulia na mara nne inatosha kabisa kwa ekari tatu.

Upepo. Nyanda zetu zina upepo, na waliopita Makambako wanajua ninachosema. Upepo unaokata kwa ubavu, wa nguvu ya kuchezesha majani na vitawi vidogo bila kupumzika, utaisukuma ile risasi yetu sentimita 7 au 8 hivi kwenye ekari ya tatu. Kwenye ekari ya tano ni karibu sentimita 20. Hapo tena mnaiona ekari tatu inavyosamehe. Upepo wa usoni au wa mgongoni usikusumbue kwa risasi. Utakusumbua kwa harufu, kama uko mgongoni.

Mwinuko nao watu huuliza. Umelinganisha bunduki Mafinga kwenye baridi na hewa nyepesi, unashuka Pawaga kwenye joto, je, urekebishe? Kwa ekari tatu, hapana, tofauti ni ndogo kuliko mtetemeko wa mkono. Kinachobadilisha ni mteremko. Ukipiga kwenda juu mlimani au kushuka bondeni, risasi hupita juu ya pale ulipotegemea, pande zote mbili, maana ardhi inaivuta kwa umbali wa usawa tu, si kwa urefu wa mteremko. Mita 300 za mteremko mkali, wa nyuzi 30, kwa risasi ni kama mita 260. Kwenye ekari tatu zetu ukilenga katikati ya sahani hutapotea, hata Uporoto.

Sasa je, mtu anaweza kufika ekari ya nne? Anaweza, kama bunduki imetegemezwa vizuri, hakuna upepo, na amepima kwa vigingi. Ataweka msalaba kwenye theluthi ya juu ya bega, risasi itashuka ndani. Lakini msalaba usitoke kwenye manyoya. Ukiona inakubidi ulenge hewa iliyo juu ya mgongo wa mnyama, yuko mbali mno kwa darubini hii, teremsha bunduki. Na kipimo chenyewe ni hiki: weka sahani ya bati, kaa utakavyokaa shambani, piga tano. Zikiingia zote tano, huo ni umbali wako. Zikiingia nne, si wako, rudi nyuma ya kigingi. Haidhuru jirani yako anasema anapiga wapi.

Njia ya hakika ya kuongeza shabaha ni kupunguza umbali. Pale Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, watu wa Mkwawa walilishinda jeshi la Wajerumani lenye bunduki nyingi na mizinga, kwa sababu walijificha vichakani mpaka wenye bunduki walipofika karibu, ndipo mikuki ikafanya kazi. Sisemi uwinde kwa mkuki, hiyo nayo ni kosa. Nasema subira na kichaka vinazidi kioo.

Liko jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote haya. Risasi ya bunduki kama hii ikikosa, inaweza kuruka zaidi ya kilomita tatu. Darubini inakuonyesha kiduara kidogo chenye mnyama ndani, na yote yaliyo nje ya kiduara yametoweka: mama anayechuma mboga, mchungaji aliyelala chini ya mgunga, watoto wanaoamia ndege kwenye mpunga. Kwa hiyo kwanza tazama kwa macho mawili, bondeni kote, ndipo uingie kwenye darubini. Na usiitumie darubini ya bunduki kutambua kitu, eti uone kile ni nyani au ni mtu. Ukiielekeza kwa mtu ili umtambue, umeshamwelekezea mtutu. Nunua au azima darubini ya mkononi kwa kazi hiyo.

Kaa juu. Kichuguu kikubwa au dungu la mita mbili linatosha. Ukipiga kutoka juu kwenda chini, risasi ikipita au ikikosa inaingia ardhini, hapo hapo shambani kwako. Mnyama akisimama juu ya kilima na nyuma yake mbingu tupu, huyo hapigwi, hata akiwa ekari moja. Na ikitokea mnyama amejeruhiwa akaondoka, usiingie matetemani peke yako. Nguruwe mwenye jeraha ana meno. Weka alama pale aliposimama, toa taarifa kijijini na kwa Ofisa Wanyamapori, watu wajue njia ile haipitiki mpaka apatikane.

Utunzaji ni mfupi. Vioo futa kwa pamba laini, puliza vumbi kwanza, usitumie upindo wa shati. Asubuhi ya ukungu Mufindi, ukiitoa bunduki ndani penye moto, kioo kitafunga mvuke. Iache nje ya moshi na moto tangu mapema. Ikianguka, usiiamini tena mpaka umepiga tatu kwenye karatasi.

Na nguruwe wa usiku? Kwa huyo darubini hii haina msaada. Gizani msalaba hauonekani, nyuma ya mnyama hupaoni, na kuwinda usiku sheria imekataza. Kwa usiku ni dungu, moto, mbwa, madebe ya kupiga, na boma la miiba upande wa pori. Safisha ukanda wa hatua ishirini kati ya shamba na msitu, nguruwe hapendi kuvuka mahali peupe. Mahindi yakishakauka usingoje shamba zima liwe tayari: anza kuvuna ile mistari ya upande wa msitu.